Seva Mpya, na Njia ya Kurudi



Tarehe 2 Oktoba 2025 kampuni ya Broadcom ilifunga msaada wa kawaida kwa toleo la 7 la programu iitwayo ESXi. Siku 12 baadaye, tarehe 14 Oktoba, Microsoft nayo ikaacha kuihudumia Windows 10. Habari ya pili ilivuma, kwa sababu Windows 10 ipo mezani kwa karani, kwa mwalimu, kwenye stationery za pale stendi. Ya kwanza haikuvuma, kwa sababu ESXi haionekani mezani kwa mtu. Inaishi ndani ya seva, kwenye chumba kilichofungwa ufunguo, na wanaoijua katika taasisi nzima mara nyingi ni kijana mmoja wa TEHAMA. Ndiyo ninayotaka tuizungumzie jioni hii, ESXi na programu nyingine za aina hiyo, kwa sababu rekodi za wagonjwa, za wanafunzi na za mkulima wa kahawa zinaweza kupotea usiku mmoja mtu akizihamisha vibaya.

Tuanze na kitu chenyewe. Zamani taasisi ikihitaji mfumo wa wagonjwa, mfumo wa hesabu na mahali pa kutunzia mafaili, ilinunua kompyuta tatu kubwa, kila moja na kazi yake. Kila moja ilikula umeme wake, na muda mwingi ilikaa bila kazi. Siku hizi unanunua seva moja yenye nguvu, unaiwekea programu kama ESXi, inayogawa prosesa, memori na diski, halafu ndani yake unaunda kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono. Hizo ndizo mashine pepe. Seva ya chuma, pamoja na programu hiyo, ni mwenyeji, na mashine pepe ni wageni wake. Kila mgeni anajiona yuko peke yake: ana Windows yake au Linux yake, anwani yake kwenye mtandao, saa yake na diski yake, ingawa diski hiyo kwa kweli ni faili moja kubwa lililohifadhiwa kwenye diski za mwenyeji. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwezi Agosti 1972, enzi za kompyuta zilizojaza chumba. Kampuni ya VMware, iliyotengeneza ESXi, ilianzishwa California mwaka 1998 na kuuleta uwezo huo kwenye kompyuta za kawaida, na mwaka 2007 Linux ikaupata ndani ya kiini chake kwa jina la KVM. Leo hata chama cha ushirika au sekondari yenye maabara nzuri inaweza kumudu.

Mifumo mikubwa ya serikali, kama MUSE ya malipo, inaendeshwa kutoka mbali na haimhusu fundi wa huku kwetu Karagwe na Kyerwa. Ninazungumza na taasisi zenye seva yao wenyewe: hospitali za madhehebu, shule, SACCOS, ofisi za ushirika, na hata vituo vya redio vyenye maktaba ya vipindi vyake.

Mtu ataniuliza: kama mwenyeji wa zamani anafanya kazi, kwa nini tuhame?

Turudi Februari 2023. Tarehe 3 mwezi huo CERT-FR, taasisi ya Ufaransa inayoshughulikia dharura za usalama wa kompyuta, ilitoa onyo kwamba kuna wahalifu wanaoingia kwenye seva za ESXi, wanayafunga mafaili ya mashine pepe kwa ufunguo wa siri, kisha wanadai fedha. Tundu lililotajwa lilikuwa limeshazibwa na VMware tangu Februari 2021. Miaka miwili kiraka kipo, na watu hawajakibandika. Serikali ya Marekani baadaye ilihesabu zaidi ya seva 3,800 zilizoathirika duniani. Seva ya mwenyeji ikitekwa, hatekwi mgeni mmoja. Wote waliomo ndani wanakwenda naye, mfumo wa wagonjwa pamoja na mfumo wa hesabu pamoja na mafaili ya ofisi.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo halisimuliwi mara nyingi, nami naliona muhimu kuliko idadi. Wale wahalifu, kwa haraka yao, mara nyingi waliyafunga mafaili madogo yanayoieleza mashine na kuliacha faili kubwa lenye data bila kuligusa vya kutosha. Wataalamu wawili waligundua kwamba faili kubwa likiwapo, yale madogo yanaweza kuandikwa upya, na mashine ikaamka. Shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, likatengeneza skripti ya kufanya hivyo na kuigawa bure. Kwa hiyo taasisi iliyojua mafaili yake yamekaaje iliweza kujiokoa bila kulipa. Isiyojua ilibaki kusoma barua ya mdai.

Kuhama ni lazima, basi. Toleo lisilopata viraka halipaswi kubeba taarifa za watu. Lakini mwenyeji mpya naye ana masharti yake. ESXi 8 iliziacha prosesa za Intel za kizazi cha Sandy Bridge, zile za 2011 na 2012. Na seva za kizazi hicho ndizo zinazouzwa kwa bei nafuu baada ya kutumika Ulaya, ndizo zinazotolewa kama msaada, na zinafika huku zikiwa bado zina nguvu. Chuma ni kizima, memori inatosha, ila programu mpya inakikataa. Hapo mkuu wa taasisi anaambiwa anunue seva mpya, na bajeti haina kifungu hicho.

Halafu kuna leseni. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware tarehe 22 Novemba 2023, na Desemba ya mwaka huo huo ikatangaza kuacha kuuza leseni za kudumu. Ukitaka kuendelea, unalipa kwa kipindi. Toleo la bure la ESXi lililotegemewa na ofisi nyingi ndogo duniani liliondolewa Februari 2024, likarejeshwa Aprili 2025. Taasisi ndogo haiwezi kupanga mipango ya miaka mitano juu ya mlango unaofungwa na kufunguliwa namna hiyo. Ndiyo maana wengi wamehamia Proxmox, programu ya kampuni ya Vienna, Austria, iliyojengwa juu ya Linux ya Debian na ile KVM niliyoitaja. Tangu Machi 2024 ina zana yake ya kuchukua mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Nayo ina saa yake: toleo la 9 lilitoka Agosti 2025, na toleo la 8 likapangiwa kuhudumiwa hadi Agosti 2026. Aliyekimbilia huko hakukimbia kazi ya kuhama. Atahama tena.

Maoni yangu mimi, kwa taasisi yenye seva moja au mbili na kijana anayeijua Linux vizuri, Proxmox ni chaguo la busara. Sisemi hivyo kwa sababu ni bure. Kazi ya kuitunza ina gharama, na fedha isiyokwenda kwenye leseni iende kwa huyo kijana: mafunzo yake, diski za akiba, na betri za UPS. Taasisi itakayochukua programu ya bure na kumwacha fundi wake bila chochote itakuwa imehamisha matatizo tu.

Tufike sasa kwenye uhamisho wenyewe. Watu wa Kagera tunao mfano tulioulipia machozi. Mnyauko wa migomba ulipothibitishwa mkoani kwetu mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, ugonjwa ulitembea kwa njia nyingi, na mojawapo ni sisi wenyewe kuchukua machipukizi kwenye kibanja kilichoshaugua na kuyapanda kwenye kibanja safi. Chipukizi lilionekana zima. Mashine pepe nayo ikibebwa inabebwa na kila kilichomo: kirusi kilichojificha, akaunti ya mtumishi aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita, diski iliyojaa hadi pomoni, hifadhidata yenye jedwali lililoharibika. Seva mpya haiponyi chochote. Kagua kwanza kule kule ilipo, safisha, ndipo uhamishe.

Kukagua maana yake ni kuandika. Daftari, kalamu. Mashine ngapi zipo, kila moja inafanya kazi gani, ina memori kiasi gani na diski kiasi gani, anwani yake ya IP ni ipi, inawaka kwa BIOS au kwa UEFI, ipi inaitegemea ipi. Mfumo wa wagonjwa hauamki kama hifadhidata haijaamka. Printa ya risiti haitoi karatasi kama jina la seva limebadilika. Na karibu kila mahali ukaguzi huu ukifanywa kwa uaminifu, hujitokeza mashine moja ambayo hakuna anayekumbuka kazi yake. Msiizime kwa kubahatisha. Chunguzeni nani anaongea nayo kwenye mtandao.

Kisha nakala rudufu, bakapu. Hapa naomba msikilizaji aliye mkuu wa taasisi anisikilize kwa makini, hata kama hayo mengine yamempita. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunzia mafundi wa programu duniani kazi zao, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake hai. Ilikuwa na njia tano za kutunza nakala. Walipozigeukia, moja baada ya nyingine, hazikuwa na kitu cha kutumika. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Walipoteza data za saa zile sita, na wakayaandika yote hadharani ili wengine wajifunze, jambo ninaloliheshimu sana. Kama kampuni ya wataalamu ilikuwa na njia tano zisizofanya kazi, mkuu wa shule anayeambiwa "bakapu ipo" asiridhike na maneno hayo. Bakapu ni ile iliyowahi kurejeshwa na mtu akafungua rekodi ndani yake na kuisoma.

Nakala hiyo isikae kwenye seva ile ile. Ikae kwenye diski ya nje, na nyingine ikae jengo jingine au Bukoba, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Radi za huku tunazijua.

Uhamisho una mambo madogo yanayoangusha kazi kubwa, na mafundi wanaonisikiliza watanivumilia niyataje kwa haraka. Snapshoti zote ziunganishwe kabla ya kuhamisha, zisibebwe zikining'inia. Windows inayotoka ESXi kwenda Proxmox isipowekewa draiva za virtio mapema itawaka skrini ya bluu, kwa sababu haiioni diski yake mwenyewe; unaweza kuianzisha kwa diski ya aina ya SATA kwanza, kisha ukabadilisha. Linux itaamka vizuri lakini kadi yake ya mtandao itakuwa na jina jipya, mathalani ilikuwa ens192 sasa ni ens18, na anwani ya IP uliyoiandika kwa jina la zamani haitashika. Mashine ipo hai, lakini hakuna anayeifikia, na fundi anaanza kulaumu swichi.

Na kuna hili la kupandisha toleo la mashine yenyewe. Ukihamia mwenyeji mpya zaidi wa aina ile ile, tuseme kutoka Hyper-V ya Microsoft ya zamani kwenda Hyper-V mpya, programu itakuonyesha kitufe cha kupandisha toleo la usanidi wa mgeni. Kinavutia. Ukishakibonyeza, mashine hiyo hairudi tena kwa mwenyeji wa zamani. ESXi nayo ina jambo la namna hiyo katika toleo la vifaa vya mashine. Kiacheni kitufe hicho. Mashine itafanya kazi bila kupandishwa, na mtakipata wiki kadhaa baadaye mkishatulia.

Ninasisitiza sana kurudi, kwa hiyo nieleze vizuri kurudi kwenyewe kunakuwaje. Unapohamisha mashine, hufuti ya zamani. Unaizima, unanakili lile faili kubwa kwenda kwa mwenyeji mpya, unaiwasha huko. Ikigoma, unaizima mpya, unaiwasha ya zamani, na kazi inaendelea kama jana. Ni rahisi hivyo. Lakini urahisi huo una mwisho wake. Saa mbili asubuhi mgonjwa wa kwanza anafika dirishani, anasajiliwa kwenye mashine mpya, anapimwa, anaandikiwa dawa. Kuanzia dakika hiyo mashine ya zamani imepitwa. Haimjui mgonjwa huyo. Ukirudi nyuma saa tano, umewafuta wagonjwa wa asubuhi nzima. Ukiziwasha zote mbili kwa pamoja ni mbaya zaidi, kwa sababu zina anwani moja na jina moja, na rekodi zitaanza kuingia nusu huku nusu kule, na hakuna fundi atakayeziunganisha bila kupoteza.

Njia ya kurudi, kwa hiyo, inafungwa na mtumiaji wa kwanza. Majaribio yote lazima yaishe kabla mlango haujafunguliwa, na lazima iwepo saa ya uamuzi iliyoandikwa mapema, tuseme saa kumi usiku: ikifika saa hiyo na mambo hayajakaa sawa, tunarudi kwa mwenyeji wa zamani, hatubishani, tutajaribu wiki nyingine. Fundi aliyekesha asiachiwe uamuzi huo peke yake. Mtu anayeona amebakiza hatua moja tu atataka kuimalizia, na mkuu wa kitengo awepo, au apokee simu, aseme inatosha.

Nani anajaribu? Fundi atathibitisha kwamba mashine imewaka. Hawezi kuthibitisha kwamba risiti inatoka na jina sahihi la hospitali, kwamba dirisha la dawa linaona salio la stoo, kwamba ripoti ya bima inafunguka. Hayo anayajua mhudumu wa mapokezi, mfamasia, mhasibu. Waitwe usiku huo. Walipwe posho yao. Kila mmoja akae kwenye kompyuta yake ile ile ya kila siku, afanye kazi tatu au nne anazozifanya kila asubuhi, aseme ndiyo au hapana.

Benki ya TSB ya Uingereza ililipia somo hili. Wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo wa mmiliki wake wa wakati huo, Sabadell ya Hispania. Data zenyewe zilifika salama. Hilo wasimamizi wa Uingereza walilikiri wazi. Lakini mfumo uliozipokea ulishindwa kuzihudumia, na wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mambo hayakutengemaa kikamilifu hadi Desemba. Uchunguzi wa kampuni ya wanasheria ya Slaughter and May, uliotoka 2019, ulionyesha kwamba vituo vya data vilikuwa viwili lakini jaribio la uwezo lilifanyika kwenye kimoja tu. Mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. SACCOS ya wanachama mia nane haina faini ya namna hiyo, ila mwanachama aliyekuja kuchukua ada ya mtoto na kuambiwa mfumo hausomi anaumia vile vile, na asipoamini jibu alilopewa ataondoa akiba yake.

Jambo la wakati linatuhusu sisi kwa namna yetu. Kagera kwa miaka mingi imetegemea umeme unaoingia kutoka Uganda, na ingawa bwawa la Kikagati-Murongo kwenye mto Kagera, kule Kyerwa, lilizinduliwa Mei 2023 na marais wa nchi zote mbili, hakuna fundi wa huku anayeweza kuapa kwamba umeme hautakatika usiku fulani. Faili la mashine likikatwa katikati ya kunakiliwa, nakala inakuwa haifai, na hilo halina madhara kama ya asili haijaguswa. Lakini umeme ukikatika wakati hifadhidata inapandishwa toleo, ni maafa. Jenereta iwe na mafuta, UPS ijaribiwe kwa mzigo halisi, na kazi ya kunakili itenganishwe na kazi ya kubadilisha.

Hesabu ya muda nayo ifanywe kwenye karatasi. Mashine ya gigabaiti 500 ikipita kwenye waya na swichi ya gigabiti moja kwa sekunde inahitaji, kwa hesabu kavu, kama dakika 67. Ikipita kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100, saa 11. Ukitaka kuituma nje kwa intaneti ya megabiti 10, siku nne na zaidi ya nusu. Swichi moja ya zamani iliyosahaulika ukutani inaweza kuugeuza usiku mmoja kuwa usiku na mchana mzima, na mafundi wakajikuta wagonjwa wamejaa barazani na faili lipo nusu.

Na msimu. Ushirika wa kahawa usihamishe mashine ya malipo kati ya Mei na Septemba, wakati kahawa iko kwenye maghala na mkulima anasubiri fedha ya mnada. Mkulima huyo tunamwambia kila mwaka aachane na butura, asiuze kahawa ikiwa bado maua kwa mtu wa kati. Akija chama cha msingi na kukuta mizani imeandika lakini kompyuta haimjui, tumempeleka wenyewe kwa mnunuzi wa butura. Shule zisifanye Januari. Hospitali zisifanye siku za kufunga madai ya bima.

Sasa la watu, ambalo linanigusa zaidi. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na taasisi nyingi za upande huo bado ni changa. Mara nyingi mfumo unaletwa na mkandarasi kutoka Mwanza au Dar es Salaam, anafunga, anafundisha siku mbili, anaondoka. Nenosiri la mwenyeji anaondoka nalo yeye. Siku ya kuhama, taasisi inagundua kwamba haiwezi kuingia kwenye seva iliyonunuliwa kwa fedha yake, na anayeijua ama hapunguzi bei ama hapokei simu. Hili lisikubalike. Nenosiri kuu liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye sefu ya taasisi, na wawili waijue ilipo. Mkataba wa mkandarasi useme wazi kwamba kazi haijaisha mpaka kijana wa taasisi ameirudisha mashine moja kutoka kwenye bakapu kwa mikono yake, mkandarasi akiwa amekaa pembeni. Na kijana huyo awe na msaidizi. Fundi mmoja akiugua malaria usiku wa uhamisho, kazi imekwama.

Wapo vijana wa huku waliosoma TEHAMA Dodoma na Dar es Salaam, wamerudi nyumbani, wanasubiri ajira huku wakisaidia kwenye vioski vya miamala ya simu. Proxmox inawekwa kwenye kompyuta yoyote ya kawaida yenye memori ya kutosha. Hospitali, shule na ushirika vikichangiana kompyuta moja ya mazoezi, vijana hao wanaweza kujenga mashine, kuihamisha, kuiua, kuirudisha, mpaka mkono ukazoea, bila kuhatarisha jina la mgonjwa yeyote.

Seva ya zamani iachwe imezimwa, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa, kwa mwezi mmoja hivi. Baada ya hapo diski zake zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo kazini. Majibu ya kipimo cha mtu, namba yake ya simu, salio lake, havifutiki kwa kubonyeza "futa". Diski ifutwe kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu, au itobolewe kwa drili, mashahidi wawili wasaini na tarehe iandikwe. Isiuzwe kwa fundi wa kompyuta mjini ikiwa na maisha ya watu ndani yake.

Mkuu wa taasisi unayenisikiliza, wiki hii mwite kijana wako wa TEHAMA. Mwambie achague mashine moja, airejeshe kutoka kwenye bakapu ya juzi kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, kisha akufungulie mbele yako rekodi moja ya juzi. Akiweza, muulize imechukua saa ngapi, na mliandike jibu hilo kwenye lile daftari. Asipoweza, ahirisheni uhamisho, mkanunue diski kwanza.